Gari Linachemsha Ushirombo: Lipia Kipimo Kabla ya Spea

Barabara ya Kahama kwenda Lusahunga ni ya lami, ni njia ya malori ya Rwanda na Burundi, na Ushirombo iko humo humo njiani. Gari dogo linalobeba abiria hapa, mchomoko kama tunavyouita, linaamka alfajiri, linajaza watu hadi buti, linapandisha vilima nyuma ya lori lililobeba kontena huku likitafuta nafasi ya kulipita. Likiiacha lami linaingia barabara za vumbi za kuelekea machimboni, mwendo wa polepole, gia nzito, upepo kidogo mbele ya rejeta. Halafu jua la Septemba na Oktoba linakuja juu ya yote hayo. Ni mazingira ambayo yanafichua kila udhaifu wa mfumo wa kupooza injini, na ndiyo maana kuchemsha ni ugonjwa unaojulikana na kila dereva wa ukanda huu.

Dawa zake pia zinajulikana, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Mtu anabadilisha rejeta wakati tatizo lilikuwa mfuniko. Mwingine anafungua hedi wakati feni ndiyo iliyokufa. Msimamo wangu ni kwamba mwenye gari wa Ushirombo akitaka kuokoa pesa, alipe kwanza kujua, kisha ndiyo alipe kununua. Kujua ni bei rahisi mno ukilinganisha na kubahatisha.

Bei za spea hupanda na kushuka kila mzigo mpya unapoingia, kwa hiyo ni afadhali kuzipanga kwa ngazi. Ngazi ya chini ni ya maelfu na makumi ya maelfu ya shilingi: mfuniko wa rejeta, mpira na klipu zake, fyuzi, rilei, themostati, galoni ya kulanti. Ngazi ya kati inakwenda kwenye malaki: rejeta nzima, feni kamili, pampu ya maji pamoja na ufundi, kufungua hedi na kuichonga. Ngazi ya juu ni milioni na kuendelea: injini ya mtumba. Karibu kila gari lililofika ngazi ya tatu lilipitia ya kwanza, likaachwa hapo.

Swali la bure linalofaa kuulizwa kabla ya fundi kushika spana ni hili: linachemsha wakati gani? Likichemsha likiwa limesimama stendi au linatambaa kwenye foleni ya mnada, kisha likatulia ukishika mwendo barabarani, mtuhumiwa wa kwanza ni feni, kwa sababu likiwa kwenye mwendo upepo wa barabara unafanya kazi ya feni bure. Likiwa salama mjini lakini joto likapanda ukivuta mlima na mzigo, tazama mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba, themostati isiyofunguka vizuri, pampu iliyochoka, au mkanda unaoteleza. Na likiwa linapandisha presha mapema tu baada ya kuwashwa asubuhi, mipira inakuwa migumu kabla hata injini haijapata moto, hapo moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na mazungumzo yanahamia kwenye gasketi ya hedi. Dereva anayejibu swali hili vizuri amempunguzia fundi nusu ya kazi. Mwenye gari ambaye haendeshi mwenyewe amuulize dereva wake kwa utulivu, bila kumtisha, maana dereva anayeogopa kukatwa posho ataficha kwamba aliendesha kilomita kadhaa na taa nyekundu ikiwaka.

Taa hiyo yenyewe ina jambo lake. Magari mengi madogo ya Toyota yaliyojaa kwetu hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikiwa imezidi moto. Katikati hakuna habari yoyote. Ikiwaka nyekundu, hali imeshakuwa mbaya. Kwa hiyo kati ya vitu vyote vya ngazi ya chini, ningeanza na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, kinachotuma taarifa kwenye simu kwa bluututhi. Kinakuonyesha nyuzi za maji kwa tarakimu, dakika kwa dakika. Jaribu kabla ya kulipa, kwa sababu magari ya soko la Japan ya miaka ya mwanzo ya 2000 mengine hayaelewani na vidude hivi. Kikikubali, madereva wa kijiwe kizima wanaweza kuchangia kimoja.

Kabla ya kununua chochote, osha rejeta. Vumbi jekundu la barabara za machimbo, majani makavu na wadudu hujaa kati ya mapezi ya rejeta, na zaidi kati ya rejeta na kondensa ya AC iliyoko mbele yake, mahali ambapo jicho halifiki. Maji yapigwe kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa nguvu ya wastani, ili uchafu utoke ulikoingilia. Pampu za kuoshea malori zina nguvu ya kulaza mapezi, na mapezi yaliyolala hayapitishi upepo. Gharama yake ni ya kuosha gari tu.

Baada ya hapo, mfuniko. Hiki ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote, na kwetu kina umuhimu zaidi kuliko pwani. Ushirombo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Injini ya kawaida hufanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Mfuniko mzima unaishikilia presha ndani, na presha hiyo inasukuma kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 115. Raba yake ikikauka au springi ikilegea, nafasi yote hiyo inapotea, na injini isiyo na ugonjwa wowote inaanza kutapika maji kwenye chombo cha akiba. Mfuniko una kazi ya pili pia: injini ikipoa, unaruhusu maji yarudi kutoka kwenye akiba. Ukiona asubuhi mpira wa juu umebonyea ndani, ile valvu ndogo ya katikati imekwama.

Juu ya mfuniko kuna namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Nunua wenye namba ileile ya gari lako. Wenye presha kubwa zaidi hauponyi kitu, unakwenda kupasua rejeta na mipira iliyozeeka. Na usiufungue injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa kinene. Maji yenye nyuzi zaidi ya 100 yakiachiwa presha hulipuka kuwa mvuke papo hapo na kuchubua uso na mikono. Subiri hadi mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuungua.

Feni inapimwa kwa dakika moja. Washa injini, washa AC: kwenye magari mengi feni inapaswa kuzunguka mara moja. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha umeme unaofika kwenye mota, na mota yenyewe iwe ya mwisho. Kazi hii ni ya fundi umeme, si ya fundi injini, na kumwita anayehusika ni akiba tayari. Njia ya mkato inayopendwa ni kuunga feni moja kwa moja, izunguke muda wote swichi ikiwashwa. Kwa kufika nyumbani usiku, sawa. Kwa kuishi nayo, hapana: mota inachoka mapema, waya usio na rilei unapata moto, na tatizo la kweli, ambalo huenda ni sensa tu, linabaki limefichwa.

Sasa themostati, ambako nina ugomvi wa muda mrefu na gereji zetu. Mazungumzo yanajulikana:

"Fundi, gari linachemsha."

"Tunang'oa themostati, bosi. Ile ni ya nchi za baridi."

Maelezo hayo yanasikika ya busara, na gari kweli hupoa siku chache. Lakini themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Ni mlango wenye nta ndani yake: nta ikipata moto inavimba, inausukuma mlango ufunguke. Kwenye injini ya 1NZ, ile ya 1.5 iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, mlango huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ukiung'oa, injini inachukua muda mrefu kupata moto wake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na kuendelea kumimina petroli ya ziada, oili inabaki nzito na yenye unyevu. Kwenye injini zenye njia ya mkato ya maji, themostati ndiyo inayoifunga njia hiyo injini ikishapata moto. Isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta kabisa, na gari lililong'olewa themostati ili lisichemshe linachemsha kwenye mlima.

Tupige hesabu. Chukua mchomoko unaotembea kilomita 150 kwa siku na kula lita 1 kwa kilomita 12. Hiyo ni lita 12.5. Tuseme kukosa themostati kunaongeza sehemu moja ya kumi: lita 1.25 kwa siku. Petroli tuiweke sh 3,000 kwa lita (bei kikomo hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka ya mwezi wako). Unapata sh 3,750 kwa siku, sh 97,500 kwa siku 26 za kazi. Themostati mpya nzuri haifiki huko. Hata ziada ikiwa nusu ya niliyoweka, ndani ya miezi miwili umeshapoteza bei yake.

Kuipima hakuhitaji mashine. Itumbukize kwenye sufuria ya maji isiyotumika tena kwa chakula, uipashe moto, ushike kipimajoto. Ikianza kufunguka kwenye nyuzi zilizochapwa juu yake na kufunguka wazi kabla maji hayajachemka, ni nzima, irudishe. Fundi anayeitupa bila kuipima anatupa pesa yako.

Kuhusu maji na kulanti, najua wengi watasema hapa hakuna baridi ya kugandisha, kwa nini ninunue kulanti? Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Kazi tunazozihitaji sisi ni mbili nyingine: inazuia kutu na ulikaji ndani ya injini, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Injini hizi ndogo za sasa zina bloku na hedi za alumini, rejeta za alumini, na mfereji mwembamba wa maji. Maji ya kisima yana chumvi na madini yanayobaki yakiganda ukutani kila maji yanapopata moto, lile gamba jeupe unaloliona kwenye birika. Gamba hilo linazuia joto lisitoke kwenye chuma kwenda kwenye maji. Miaka miwili ya kuongezea maji ya kisima kila jioni inaweza kuiua rejeta ambayo hakuna jiwe lililowahi kuigusa.

Chaguo ziko tatu kwa ubora. Kulanti iliyochanganywa tayari, unamimina ilivyo, ni ghali kwa lita lakini haikosewi. Kulanti nzito ya kuchanganya nusu kwa nusu ni nafuu zaidi ukiwa na maji safi yasiyo na madini. Maji yenyewe yapo: yale ya kuongezea betri yanayouzwa kwenye chupa, au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi baada ya mvua ya kwanza kuosha bati. Uwe macho dukani, kwa sababu ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Sema unataka maji yasiyo na asidi, na usome chupa. Chaguo la tatu, maji ya kisima, ni la dharura ya porini, na baada ya dharura mfumo usafishwe na kujazwa upya. IST inahitaji takriban lita 5 tu. Usichanganye kulanti za aina tofauti kwa kutazama rangi, maana rangi si kipimo cha kilichomo.

Na kuna kulanti ambayo ni maji yenye rangi. Ichunguze hivi: mimina kidogo kwenye chupa ndogo ya plastiki, ifunge, iandike SUMU, iweke kwenye friza usiku kucha mbali na chakula na watoto. Mchanganyiko wa kweli wa nusu kwa nusu haugandi kwenye baridi ya friza ya nyumbani. Ukikuta jiwe la barafu, umenunua maji ya kupaka rangi. Tunza risiti. Bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, na malalamiko bila risiti hayana miguu. Neno SUMU nimelisema kwa uzito: kulanti ina ladha tamu na inaweza kumuua mtoto au mbwa anayeilamba.

Rejeta ikithibitika kuwa ndiyo mgonjwa, uamuzi unategemea imetengenezwa kwa nini. Za zamani za shaba, zilizoko kwenye malori na Land Cruiser za miaka mingi, huzibuliwa na kuchomelewa, na fundi mzuri anaweza kuzipa miaka mingine. Hapo ukarabati unashinda spea mpya bila mjadala. Za magari madogo ni alumini katikati na plastiki juu na chini. Plastiki ikipasuka haichomelewi. Gundi itakufikisha Kahama, haitakurudisha. Dawa ya unga ya kuziba tobo nayo haichagui. Inaziba tobo, na inaziba mirija myembamba ya rejeta na ya hita pia. Mimi huikwepa kabisa.

Kwa hiyo unabaki na mtumba kutoka Japan au mpya ya bei nafuu. Ya mtumba kwa kawaida ina alumini nzuri zaidi, lakini plastiki yake ina umri wa gari lililotolewa, na plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia imeshapikwa. Mpya ya nafuu ina plastiki changa na mara nyingine mapezi machache. Kwa gari la biashara ningechukua mpya, baada ya kuiweka sambamba na ya zamani na kulinganisha unene na idadi ya mirija. Yenye unene pungufu irudishwe kabla haijafungwa.

Ununue wapi? Vitu vya ngazi ya chini nunua hapa hapa Ushirombo, kwa sababu nauli ya kwenda Kahama na siku ya kazi iliyopotea vinameza tofauti ya bei, na muuzaji wa jirani unamrudia. Rejeta, feni na pampu, safari ya Kahama inaweza kulipa, maana maduka ni mengi na ushindani unaonekana. Nenda na ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi. Kuagiza Mwanza kwa basi ni nafuu kwa wanaojuana na muuzaji. Kwa mgeni, kurudisha kilichokosewa kunakula faida yote.

Pampu ya maji haina mambo mengi: tone chini ya pampu, kelele ya beringi, au puli inayocheza ukiitikisa. Haikarabatiwi, inabadilishwa, na mkanda ubadilishwe papo hapo kama una nyufa. Baada ya kazi yoyote iliyomwaga maji, hewa itolewe: gari lielekezwe pua juu ya mteremko, hita ifunguliwe hadi mwisho, maji yajazwe polepole injini ikinguruma. Hewa iliyonaswa ndani inaigiza kila ugonjwa niliokwisha kuutaja, na watu wamefungua hedi kwa sababu yake.

Hedi, basi. Dalili zake ni mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, maji yanayopungua bila tone chini, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti. Moja peke yake haitoshi kufungua injini. Ipo dawa ya majimaji ya bluu inayokaa ndani ya kichupa kinachosimamishwa kwenye mdomo wa rejeta. Hewa inayotoka humo ikiwa na moshi wa silinda, bluu inageuka njano. Uliza gereji kubwa za Kahama zinazohudumia magari ya migodini kama zinakijua kipimo hiki. Kiombe, kilipie.

Kama taa nyekundu imewaka kati ya Runzewe na Nyakanazi, pori pande zote, uamuzi wa dakika hizo ndio ghali kuliko wote. Zima gari. "Tusogee kidogo tu" kwenye injini ya alumini ndiko kunakopinda hedi. Kuvutwa kwa kamba nako kuna hila: gari la gia otomatiki likivutwa magurudumu ya mbele yakiwa chini, gia boksi inazunguka bila pampu yake kuisukumia mafuta, na utafika na magonjwa mawili. Lipandishwe kwenye Canter. Nauli ya Canter inauma, lakini bado iko mbali na bei ya gia boksi.

Hedi ikishafunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma na vijiti vya unene. Kwa injini kama 1NZ kikomo cha kupinda upande wa bloku ni 0.05 mm tu, kwa hiyo jicho la fundi halitoshi, na uso wa bloku upimwe vilevile. Bolti zake huvutika, zipimwe urefu au zinunuliwe mpya. Fundi atakayekubandikia gasketi mpya juu ya hedi ambayo haikupimwa anakuuzia kazi hiyo hiyo mara mbili.

Kati ya kuchonga hedi na kununua injini ya mtumba, kuchonga kunashinda kama bloku haijapinda, gari halikuwa linakula oili, na lilizimwa mapema. Kama liliendeshwa mpaka likazima lenyewe, ringi na beringi zimeshaungua pia, na injini nyingine inakuwa ya busara. Hapo ongeza gharama ambazo muuzaji hazitaji: themostati mpya, pampu, mfuniko na kulanti kabla ya kuiwasha, rejeta yako ya zamani kusafishwa au kubadilishwa, na namba ya injini, ambayo imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwenda kurekebishwa TRA. Dai muuzaji akuandikie kwenye risiti namba ya injini na siku za kuijaribu, na uisikilize ikinguruma, kipimo cha mgandamizo wa silinda zote nne kikiwa mezani, kabla hujahesabu pesa.